Blanketi Moja la Tetekuwanga

Jumanne asubuhi, Chelagat alimvua mjukuu wake shati amwogeshe kabla ya kwenda nasari. Kifua cha Kipkirui kilijaa vipele vyenye maji. Nyanya akacheka.

"Tetekuwanga! Sasa wewe ni mtu mkubwa."

Alikumbuka utoto wake katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, hapa hapa Elburgon. Mtoto mmoja akiugua, akina mama waliwalaza wote kwenye blanketi moja, waugue pamoja, wapone pamoja. Watoto walikunana migongo wakiimba nyimbo za kanisani. Siku tamu zile!

Akamvalisha Kipkirui sweta. Wenzake nao waipate, iishe mara moja.

Langoni walikutana na jirani yao Wariara, mhudumu wa afya mtaani.

"Mama, huyo na vipele vyote hivyo anaenda wapi?"

"Nasari, akawagawie wenzake. Sisi tulilazwa pamoja, na si unaniona? Meno yote ninayo."

"Meno naona. Na wote waliolala hapo waliamka?"

Chelagat akaanza kuwahesabu mmoja mmoja. Kulikuwa na mtoto mchanga wa Mama Kiptanui, ambaye hakuamka. Nyimbo alizikumbuka. Huyo alikuwa amemsahau.

"Watoto wengi hupona," Wariara akasema polepole. "Lakini mtoto mchanga anaweza kuzidiwa. Hata mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga. Na mwalimu wake wa nasari, Linah, ana mimba."

Linah! Miaka sita akina mama wa kanisa walifunga na kuomba apate mtoto.

"Na jana Kipkirui alikuwa darasani," Chelagat akanong'ona.

"Basi mpigie simu sasa hivi, aende kliniki. Ugonjwa huu huambukiza hata kabla vipele havijatoka. Mtoto akae nyumbani mpaka vyote vikauke viwe magamba. Mkate kucha asijikune. Usimpe aspirini. Akihema kwa shida au akilegea, mkimbize hospitali."

Chelagat alipiga simu papo hapo langoni. Linah alikwenda kliniki siku hiyo hiyo, akaambiwa ajiangalie wiki tatu. Wiki hizo Chelagat aliomba hata akiosha vyombo.

Kipkirui alirudi nasari vipele vyote vilipokauka. Wiki tatu zikaisha, Linah hana hata kipele kimoja.

Linah alipojifungua, Chelagat alikwenda kumwona. Linah akamnyooshea mtoto.

"Mshike, Mama. Huyu ni wa maombi yenu."

"Ngoja kwanza," Chelagat akasema. "Sabuni iko wapi, ninawe mikono?"