Swali Lililofunikwa

Harufu ndiyo iliyoanza. Ilikuwa mchana wa jua kali, madirisha yako wazi, na nyumba imekaa juu kwenye mawe ya Ilemela, mbali na maji. Lakini kila Selina alipowasha kompyuta, chumba kilinuka tope la ziwani na samaki aliyeoza.

Selina alikuwa akiandika hadithi za Kikerewe alizoachiwa na marehemu mama yake. Programu ya kuandikia aliwekewa na mumewe, Shigela, fundi wa kompyuta. Ilikuwa ya zamani, yenye kioo cheusi. Ikitaka kumuuliza jambo, huandika swali kwenye mstari wa chini kabisa na kusubiri ajibu ndiyo au hapana. Lakini kila swali lilipotokea, kabla hajalisoma, ujumbe uliruka na kulifunika: "Kazi yako imehifadhiwa."

"Baba Winnie, hapa naulizwa nini? Sioni."

"Bonyeza ndiyo tu, mke wangu. Mashine inajihifadhi."

Akabonyeza. Angemshuku vipi mtu aliyemwogesha kwa mikono yake alipokuwa hoi baada ya kujifungua? Akabonyeza na siku zilizofuata, na kila alipobonyeza miguu ilizidi kupoa na mgongo kuwa mzito. Shigela, ambaye alikuwa amekonda kwa ugonjwa usiojulikana tangu mtumbwi aliopanda ulipozama ziwani, alianza kunenepa. Asubuhi alipiga mluzi.

Siku moja jikoni binti yao Winnie alimtazama mama yake, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Mama, huyo uliyembeba ni nani?"

Selina alichukua kompyuta akaenda nayo Mirongo, kwa Okwach, rafiki wa Shigela na fundi mwenzake. Okwach aliichunguza kwa muda mrefu.

"Shemeji, kujihifadhi hakuna shida. Shida ni huu ujumbe. Umepangwa utokee pale pale swali linapotokea. Haujipangi wenyewe."

"Kaupanga nani?"

Okwach aliinamisha uso. "Nani mwingine anaigusa hii kompyuta?"

Akauzima ule ujumbe, kazi iwe inajihifadhi kimya kimya.

Nyumbani Selina aliifungua akiwa amesimama. Swali likaja, na safari hii likabaki.

"Shigela amekutoa uwe wangu. Miguu umenipa, mgongo umenipa. Unanipa na moyo? Ndiyo au hapana."

Ile harufu ikapanda, ikajaa puani na mdomoni, na nyuma ya shingo yake kitu chenye maji kikahema taratibu kama mtu anayesoma pamoja naye, na nywele zake zikaanza kulowa, tone moja baada ya jingine likishuka mgongoni, na hapo ndipo alipomwona Shigela mlangoni, hashangai.

"Ulijua," Selina alinong'ona.

"Jitu hilo lilinishika ziwani, mtumbwi ulipozama. Lilikuwa linanimaliza." Shigela hakuthubutu kuingia. "Nikaambiwa haliondoki mpaka mwingine akubali kwa hiari."

"Hiari gani? Ulilifunika swali!"

"Ungelisoma ungekataa."

Selina alimtazama mtu aliyelala naye miaka yote ile. Kisha akabonyeza hapana.

Uzito ulishuka. Nyayo za maji zikatokea sakafuni, moja, nyingine, zikielekea mlangoni. Shigela alinyoosha mikono. "Selina, nisaidie, usiniache nalo!" Alipofikiwa alikohoa, na maji meusi yakamtoka mdomoni.

Selina alimbeba Winnie akapita pembeni yake bila kumgusa. Wakavuka kwenda Ukerewe kwa kaka yake, na mgongo wake ukapona. Usingizi ndio haukurudi vizuri. Mtu akimwambia neno la upole humtazama sana kabla ya kuitika.

Shigela bado yuko Ilemela. Amekonda, na kila jioni huzunguka nyumba za majirani akisalimia kwa unyenyekevu. Baada ya salamu huuliza swali kwa sauti ya chini, huku akikohoa kwa nguvu ili lisisikike. Wanaoelewa huingia ndani wakafunga milango. Mama Nestory hakuelewa. Alidhani anaombwa maji ya kunywa, naye ni mtu wa huruma.

"Ndiyo, mwanangu," alimwitikia.

Tangu juzi hatoki nje, na wapita njia wanasema Shigela ameanza kupiga mluzi.