Waya ya Mzee Ouma

Friji ya chanjo katika zahanati ya Asembo Bay ilikohoa mbele ya watu, asubuhi kweupe, na akina mama waliokuja na watoto wao wakacheka. Friji kunguruma ni jambo la kawaida. Hii ilikohoa kikohozi cha mzee, kikavu na kirefu, kikasita katikati kama mtu anayetafuta kitambaa mfukoni, halafu kikaishia kwa kuguna. Sista Lornah, muuguzi wa pale, hakucheka. Alituma mtu amwite Dishon, fundi wa sola.

"Bwana Dishon, tangu utengeneze hiyo waya hii kitu inakohoa tu," akamwambia. "Na inanuka tumbako. Mimi sivuti, na wagonjwa nimewakataza."

"Hiyo ni hewa kwa bomba, Sista."

Dishon alikuwa hodari wa majibu. Kazi ndiyo iliyomfuata nyuma ikihema. Lakini alipoinama nyuma ya friji harufu ile ikampanda puani, naye aliijua. Ilikuwa tumbako ya kiko cha Mzee Ouma, na Mzee Ouma walikuwa wamemzika majuzi tu.

Tusimwonee Dishon. Panya walikuwa wametafuna waya zote za zahanati kutoka kwenye paneli mpaka kwenye betri, chanjo zilikuwa karibu kuharibika, na duka lenye waya nene ya aina ile lilikuwa Kisumu. Mtu mwenye akili angesema, "Sista, hizi chanjo zipelekwe hospitali ya misheni kwanza, mimi niende mjini." Dishon alisema, "Kabla jua halijatua friji itakuwa inagandisha," kwa sababu akina mama walikuwa wanasikiliza. Akatoka pale akijua kwamba hana hata kipande.

Ndipo akakumbuka kwa Mzee Ouma. Waya nene ilikuwepo kule, tena yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka, ikipita ndani ya bomba chini ya ardhi kutoka kwenye paneli, nyuma ya jiko, mpaka ndani ya nyumba. Siku hiyo ndiyo mzee alikuwa anazikwa, na watu wote walikuwa kaburini mbele ya boma. Dishon akapita nyuma, akaivuta waya kutoka kwenye bomba wakati kwaya inaimba, akaikunja na kuitia katika begi. Kila mtoto wa Kijaluo anajua kwamba katika nyumba ya marehemu hakitolewi kitu, hata kijiko, mpaka matanga yaishe. Dishon alijua. Alijiambia kwamba anaazima tu, na kwamba betri ya mzee ina chaji ya kutosha.

Haikutosha. Mzee Ouma alikuwa amestaafu kazi ya reli, na taa yake ya barazani ndiyo iliyokuwa fahari yake; hata wavuvi waliitafuta kwa macho wakirudi ufuoni. Kabla hajafa alimwomba mkewe, Mama Selpha, taa hiyo isizimwe mpaka waombolezaji watawanyike. Baada ya mazishi ikafifia, ikazimika katikati ya wimbo. Dorca, dada wa marehemu, akasimama gizani akasema kwa sauti kwamba kaka yake amemnyima mkewe taa, na mume hamnyimi mkewe taa bure, kuna kitu huyu mwanamke alimfanyia. Tangu hapo hakuna aliyegusa chakula cha Mama Selpha. Hata maji ya mtungi wake watu waliyakataa. Dishon alikuwepo, mkono umo katika sahani ya samaki, akainamisha kichwa akaendelea kuchambua miiba.

Sasa alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji. Tepu nyeusi aliyoizungushia viungo vya waya ilikuwa imefunguliwa. Haikuchanika, imefunguliwa taratibu na kukunjwa vizuri sakafuni, vile Mzee Ouma alivyokunja kitambaa chake. Dishon akazungusha tepu mpya, akaikaza, akaenda mlangoni kunawa mikono. Aliporudi, tepu ilikuwa sakafuni, imekunjwa. Akarudia kazi hiyo mchana kutwa, akina mama wakaondoka, Sista Lornah akaenda kufunga chumba cha dawa, na jua likaanza kushuka upande wa ziwa.

Akaishika waya aizungushie tepu mara nyingine, na ilikuwa na joto, joto la mkono wa mtu, na ndani yake kulikuwa na pumzi inayokwenda na kurudi, na taa ya chumba ikawaka yenyewe ilhali swichi imezimwa, ikafifia, ikawaka, ikafuata ile pumzi, na harufu ya tumbako ikawa nzito mpaka machozi yakamtoka, na alipotaka kuiachia waya vidole vyake vikakataa kufunguka, na kutoka ndani ya friji, katikati ya chupa ndogo za chanjo, ile sauti iliyokuwa ikimkaribisha kila alipokwenda kazini kwa mzee ikamsalimu kwa upole uleule.

"Nyathina, mwanangu, umekunywa chai?"

Dishon akavuta mkono, waya haikumwachia.

"Kwangu kuna giza, mwanangu. Wanamsema mke wangu."

Afadhali angetukanwa. Ule upole ndio uliomchoma, akajisikia mchafu mwili mzima, akalia kama mtoto na mkono wake bado umekwama pale.

Vidole vilifunguka jua lilipozama, na Sista Lornah akamkuta nje, ameketi chini. Akampeleka kwa Bi Rehma, mke wa Mbarak mnunuzi wa samaki, mwanamke Mwislamu aliyezaliwa Kisumu mjini na kurithi uganga kwa mama yake. Bi Rehma akafukiza ubani, kikohozi kikavu kikasikika ndani ya moshi, akamtazama Dishon, akauzima ule ubani.

"Majini nawajua mimi," akanong'ona. "Jini wa kwetu anataka ubani na marashi. Huyu ubani anaukoholea. Nyinyi Wajaluo mnamwitaje?"

"Jachien, roho ya marehemu mwenye kinyongo," Dishon akasema kwa shida.

"Basi ni huyo. Hana ugomvi na friji. Umechukua kitu chake?"

Dishon akaitikia kwa kichwa.

"Kirudishe mchana, watu wakiwepo, useme mwenyewe nani alichukua. Sikiza, mwanangu. Ukirudisha waya ukabaki na uongo, atatoka kwenye waya. Atahamia pale uongo ulipo."

Dishon akaenda Kisumu, akarudi na waya mpya, akaiunganisha kule zahanati, na friji ikanyamaza. Sista Lornah akamshukuru Mungu. Waya ya mzee akaitia katika begi, akashika njia ya kwa Mama Selpha, huku maneno ameyapanga vizuri: Mama, ni mimi. Mama, nisamehe.

Alimkuta jikoni, peke yake, mbele ya sufuria iliyojaa. Alikuwa bado anawapikia watu waliokataa kula. Akampakulia Dishon ugali na omena, akakaa akimtazama kila tonge linavyoshuka.

"Ni wewe tu unakula kwangu, nyathina," akasema. "Wewe tu ndiyo hukuniogopa. Ero kamano."

Ile asante ilimshinda. Maneno yote aliyoyapanga yakakauka mdomoni. Kabla hajayatafuta upya, Dorca na wazee wa ukoo wakaingia kuuliza fundi amefuata nini.

"Nimekuja kuangalia taa," Dishon akasema. Akawapeleka nyuma ya jiko, akawaonyesha kwamba bomba ni tupu. "Ni panya. Panya walikula waya yote. Marehemu hakumnyima mtu kitu."

"Yaye!" Dorca akashika kichwa. "Panya! Na hiyo uko nayo kwa begi?"

"Nimeleta yangu."

Lilimtoka kirahisi hivyo. Akapitisha waya ya mzee ndani ya bomba la mzee, akaunganisha, akazungusha tepu, na jioni taa ikawaka barazani. Dorca akapiga magoti mbele ya wifi yake, akalia, akachukua sahani na kula mbele ya wote, na wengine wakafuata. Dishon akapigiwa makofi, akapewa jogoo kwa ukarimu wake. Akamchukua. Alitembea na yule jogoo kwapani akitamani ardhi impasukie, maana hata wizi wenyewe haukumtia aibu kama ile zawadi.

Nyumbani kwake kulikuwa kimya. Hakuna kikohozi, hakuna tumbako. Akajiambia kwamba Bi Rehma naye ni mtu, hukosea.

Asubuhi iliyofuata alisikia hodi. Mama Selpha alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, uso wake umetulia, na nyuma yake walikuwa Dorca na watu wa boma zima.

"Taa inawaka vizuri, nyathina," akasema. "Lakini usiku ilikohoa, wote tulisikia. Marehemu ameniambia nikuletee chai, alafu nikuulize kitu moja. Huyo panya anaitwa nani?"

Dishon akafungua kinywa aseme kwamba haelewi. Kilichotoka kwanza ni kikohozi, kikavu, kirefu, chenye kusita katikati. Moshi wa kiko ukamtoka puani. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini sauti ikapenya katikati ya vidole, sauti pole ya mzee wa reli, na kila mtu aliyekuwa pale aliifahamu.

"Anaitwa Dishon," ikasema.

Mama Selpha akaweka kikombe kizingitini, akageuka, akaenda zake. Chai ile ilipoa palepale. Na watu wa Asembo Bay, hata leo, Dishon akiwasalimu, husubiri kwanza wajue ni nani anayesema.