Subiri, Linakuja

Kila asubuhi kwenye nyumba yetu ya kupanga, mtu wa kwanza kusikika uani alikuwa Shangazi, na hakusikika kwa maneno bali kwa ndoo. Alikinga maji bombani, akafagia mbele ya chumba chetu, akabandika chai. Mimi wakati huo huwa nawasha mkaa wa pasi, maana kazi yangu ni kupiga pasi nguo za watu. Binti yangu alitoka wa mwisho, vifungo vya sare vimekwenda upande, na mdomo tayari uko kazini.

Namwita Shangazi kwa kuwa ndivyo binti yangu anavyomwita. Kwangu mimi ni wifi, dada wa mume wangu. Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani hupita kama mgeni, kwa hiyo mtoto tumemlea sisi wawili. Nilipokuwa nashinda kwenye nyumba za watu na pasi yangu, mgongo uliombeba ulikuwa wa wifi. Hata jina alimpa yeye. Alichagua jina refu, jina la bibi yao, na kila alipomwita alilitaja lote, ingawa kwake halikuwa jina rahisi kulitamka.

Shangazi ana kigugumizi tangu utotoni. Shule aliiacha darasa la tatu, wala si kwa uzito wa kichwa. Hesabu alizijua. Alichoka kuchekwa kila mwalimu alipomwambia asome kwa sauti. Basi nyumbani kwetu tukawa na desturi ambayo hakuna aliyekaa akaitunga: neno la Shangazi halimaliziwi. Ukimmalizia, umemaliza neno lako, si lake. Tunasubiri, kama mtu anavyosubiri maji yachemke bila kufunuafunua sufuria. Binti yangu aliijua desturi hiyo kabla hajajua kuhesabu. Walipokwenda dukani pamoja, na mwenye duka akaanza kukunja uso, mtoto huyo ambaye kichwa chake hakijafika hata kwenye meza ya duka alimwambia, "Subiri, linakuja."

Mtoto huyohuyo, alipofika darasa la tano, uani walimpa jina la Redio.

Alikuwa na kipaji cha kuiga watu wanavyosema, na ukweli ni kwamba binadamu tunachekesha. Mama wa chumba cha kona alikwenda kukaa kwa dada yake mji mkubwa majuma machache tu, akarudi amesahau ufagio. Akawa anauliza, kile kitu cha kufagilia mnakiitaje huku? Mwalimu mkuu wa shule yao hawezi kusema sentensi bila kuanza na "kwa maana hiyo," hata kama hakuna maana yoyote iliyotangulia. Na mimi nikipigiwa simu na mwenye nguo, sauti yangu hulainika kama siagi iliyoachwa juani. Nikiikata simu, hurudi ileile ya kumwitia mtoto aje aoshe vyombo. Haya yote Redio aliyashika. Jioni wapangaji wakikaa uani, mmoja alisema, "Redio, hebu tufungulie kituo cha mwalimu mkuu," naye alisimama, akaweka mikono nyuma, akaanza, "Kwa maana hiyo." Watu walishika mbavu.

Niliwahi kumwonya kwamba ulimi hauna mfupa lakini huvunja mifupa. Alinijibu kuwa yeye havunji chochote, anachekesha tu.

Jumapili moja alasiri, wapangaji walikuwa wengi uani. Vituo vyote alikuwa amevifungua, na watu wakawa wanataka kipya. Mama wa chumba cha kona akamwambia, "Hivyo tumevizoea. Leta ambacho hatujakisikia."

Redio akatazama huku na huku. Kisha akajifunga kitambaa kichwani kama anavyokifunga Shangazi, akashika kikapu, akaigiza Shangazi akiomba chumvi dukani. Sitaandika alivyoigiza. Anayetaka kujua afikirie tu kwamba alimwiga sawasawa, hata lile jicho ambalo Shangazi hulifumba kidogo neno linapokataa kutoka.

Uani walicheka mpaka mtu mmoja akaanguka kutoka kwenye kigoda. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni kwetu na beseni la nguo alizotaka kuanika. Redio alimwona. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba alimwona na hakunyamaza. Kicheko kilikuwa kitamu, akaongeza kidogo. Shangazi naye akacheka, akajifunika mdomo kwa upande wa khanga, akaliweka beseni chini taratibu na kurudi ndani. Nguo zile nilizianika mimi.

Nilimvuta Redio chumbani nikamgombeza. Akasema, "Mama, ni utani. Mbona mwalimu mkuu namwiga na hamsemi?"

"Mwalimu mkuu akikusikia ana ofisi ya kukuitia," nikamwambia. "Shangazi yako ana nini?"

Aliomba radhi haraka haraka, jinsi watoto wanavyoomba radhi wakiwa na mguu mmoja nje, na Shangazi akamshika kichwa kuonyesha yamekwisha. Lakini hakusema neno. Na tangu siku hiyo hakusema tena, wala nyumbani wala nje. Alionyesha kwa mkono, akatikisa kichwa, akaguna. Watoto wadogo wa uani nao walikuwa wamejifunza. Akipita na ndoo walimwiga nyuma yake, wala Redio hakuwa na uwezo wa kukizima alichokiwasha. Nilimtuma wifi chumvi siku moja, akarudi na sabuni. Mwenye duka hakuelewa kidole chake, naye akaona heri achukue sabuni kuliko kufungua mdomo mbele ya wateja. Tukala maharage bila chumvi. Redio alikula akiangalia sahani.

Nilidhani ni hasira na itapoa. Nilimwambia binti yangu tumpe muda.

Siku chache baadaye Shangazi alirudi nyumbani mapema kutoka kazini, jicho la kulia limevimba na jekundu, mkononi ana kichupa cha dawa ya matone. Alifanya kazi kwa fundi cherehani, mtaa wa nyuma yetu. Nilimuuliza kulikoni, akanionyesha kile kichupa na kikaratasi cha zahanati. Kikaratasi kilisema macho mekundu, ugonjwa unaoambukiza, atumie taulo lake peke yake. Msimu ule nusu ya shule walikuwa na macho mekundu. Nikamtengea taulo na beseni, nikamwambia Redio asimkaribie, na dawa tukamtia kama ilivyoandikwa. Jicho halikupoa. Asubuhi ya siku ya tatu lilikuwa limeanza kuweka utando kama maji ya mchele, naye ameketi ameegemea ukuta, machozi yanatoka bila kulia.

Nilikuwa nafunga mlango nimrudishe zahanati ndipo fundi mwenyewe alipofika kumjulia hali.

"Shemeji, jicho linaendeleaje?" akaniuliza. "Ile ncha waliitoa?"

Nikamuuliza ncha gani.

Fundi akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mamake. Akaeleza kwamba Shangazi alikuwa anashona pindo la suruali ya jinzi, sindano ya cherehani ikakatika. Kipande cha juu kilibaki kwenye mashine, cha chini hakikuonekana. Wifi alijifunika jicho, fundi akamwambia akimbie zahanati, na alipomwona hakurudi kazini akajua ameshatibiwa na amepewa mapumziko.

Redio alikuwa amesimama na mkoba wa shule begani. Alisikia kila kitu.

Siku zote Shangazi akienda zahanati, alikwenda na mtoto huyu. Pale dirishani unasema ugonjwa wako kwa sauti, foleni yote inasikia, na karani ana haraka. Redio hakuwa akimsemea. Alisimama tu pembeni na kusema, "Subiri, linakuja," na karani alisubiri, kwa kuwa ni vigumu kumkaripia mtoto mwenye adabu. Shangazi alikuja kunieleza baadaye kwamba hata siku ile alipita shuleni kwanza. Alifika getini akiwa ameshika jicho. Ilikuwa mapumziko, akamwona Redio katikati ya wenzake, wote wanacheka. Hakujua wanacheka nini. Akageuka, akaenda peke yake. Dirishani alijaribu kuanza, mtu mmoja nyuma yake kwenye foleni akacheka, mwingine akasema mama sema basi tuna kazi. Akafunga mdomo, akaonyesha jicho kwa kidole. Karani alikuwa amekwisha kuona macho mekundu tele asubuhi hiyo. Akaandika lililokuwa jepesi, na dawa ikatolewa kwa kufuata kikaratasi hicho.

Tulikwenda hospitali kubwa sote watatu. Daktari wa macho, mwanamke wa makamo, alimkalisha wifi kwenye kiti, akamuuliza ilikuwaje na amehisi nini. Nilifungua mdomo nijibu, naye akaniomba nimwache mgonjwa aseme, maana aliyehisi ni yeye. Shangazi alitazama sakafu. Midomo ilitikisika, ikafungwa. Daktari akaangalia mlango, nje kulikuwa na wengine wanaosubiri.

Redio akasogea mpaka kwenye kiti. Alikuwa analia, lakini sauti aliyotoa ilikuwa ile ya zamani, ya mtoto asiyefika meza ya duka.

"Subiri, daktari," akasema. "Linakuja."

Daktari akaweka kalamu chini. Tukasubiri. Likaja, neno moja moja: kwamba alisikia kitu kikichoma na kuingia, na tangu hapo kimo ndani, kila akigeuza jicho kinakwaruza.

Ncha ilitolewa siku hiyohiyo. Uchafu ulikuwa umekwisha kuingia ndani. Jicho lilipona maumivu lakini halikupona kuona. Kwa upande huo anajua tu kama dirisha limefunguliwa au limefungwa. Daktari alituambia kwamba kama angeonwa siku ileile, huenda lingeokolewa. Kisha akauliza, bila ukali, kwa nini hakusema mapema. Shangazi alinyoosha mkono akamfuta Redio machozi kwa kidole gumba, na mtoto akalia kwa namna ambayo sijawahi kumsikia akiiga.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Niliusoma msemo huo nikiwa shule ya msingi, nikaufanyia mtihani, nikaupata. Sikujua unaweza kuingia chumbani kwangu.

Tuliporudi nyumbani, jioni Shangazi alimkalisha Redio kwenye mkeka na kuzungumza naye. Ilichukua muda mrefu. Naandika alichosema tu, si alivyokisema.

"Wengine wakinicheka ni wageni," alimwambia. "Nimewazoea tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Wewe ulikuwa unanijua. Ulikuwa mlango wangu, nikaukuta umefungwa. Sikukasirika. Niliona aibu tu, na aibu ndiyo iliyonifunga mdomo. Kipaji chako usikitupe. Lakini kabla hujamcheka mtu, jiulize kesho atamwomba nani msaada."

Redio hakusema ni utani. Alikaa kimya mpaka Shangazi akamaliza.

Sasa Shangazi amerudi kwa fundi. Cherehani ameiacha, anashona vifungo na mapindo kwa mkono, na kila jioni Redio humtungia uzi kwenye sindano za kesho yake, anazipanga kwenye kipande cha kitambaa. Wapangaji walimwomba siku moja afungue kituo. Akawaambia redio imeharibika. Akawaita wale wadogo waliokuwa wakimwiga Shangazi akipita na ndoo, akawafundisha maneno yetu mawili, nao wanayasema kwa fahari kama askari wa zamu.

Ninyi mnaosoma haya, mimi si mwalimu. Ni mama mwenye pasi. Nawaomba tu, mtu akichelewa kusema, msimcheke wala msimmalizie. Huenda analotaka kusema ni kwamba ameumia.

Jana nilikuwa napiga pasi mlangoni. Uani kulikuwa na watu wengi. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, uzi umemwishia, akainua uso na kuanza kumwita binti yangu kwa jina lile refu alilompa, ambalo hakuwa amelitaja tangu ile Jumapili. Silabi ya kwanza ilikataa. Akaanza tena. Uani kukawa kimya, hata bomba mtu alilifunga. Binti yangu alikuwa amekwisha kusikia kwamba ni yeye anayeitwa, angeweza kukimbia. Alisimama palepale, mikono ubavuni, mpaka jina lake likafika mwisho.

Ndipo akaitika, "Abee, Shangazi."