Bi Kimya na Usaili wa Sebuleni

Fundi seremala ana desturi yake. Jioni akimaliza kazi, hufunika vitanda vyake vya kuuza kwa mashuka makuukuu visiingie vumbi. Havitembezi mitaani, wala hamwiti mpita njia. "Kizuri chajiuza," husema. Watoto wake wamelisikia neno hilo tangu wangali wakinyonya.

Binti yake mkubwa amelishika kuliko wote. Yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasomea ufundi wa majokofu. Ni hodari kweli, ila hajisemei. Nyumbani wanamwita Bi Kimya.

Jioni moja alirudi kutoka kwenye usaili wake wa kwanza. Viatu vya kuazima alivishika mkononi.

"Vipi, mwanangu?" mama yake aliuliza.

"Wameniambia nieleze uwezo wangu. Nikasema cheti kiko pale mezani, wasome."

"Wakasemaje?"

"Wakasema asante."

Mama alicheka, kisha akaona machozi, akaacha. Kiwanda cha maziwa nacho kilikuwa kimemwita binti huyo kwa usaili siku ya Alhamisi. Ndiyo kazi aliyoitamani tangu aanze chuo, na sasa aliogopa kuipoteza kwa njia ileile.

Jirani yao, Mama Pacha, alikuwa amekuja kuchukua stuli yake. Yeye hufanya kazi katika ofisi ya ajira ya hospitali, na amesaili watu wengi.

"Tufanye usaili wa mazoezi," alisema. "Hapahapa sebuleni. Fundi, wewe mkurugenzi."

"Mimi? Na suruali hii?"

"Mkurugenzi haulizwi suruali."

Fundi aliketi wima, akakunja uso. Bi Kimya akaambiwa atoke nje, abishe hodi, asalimie, angoje kukaribishwa kiti.

"Haya," alisema fundi. "Unajua kutengeneza majokofu?"

"Kidogo, baba."

"Kidogo!" mama alidakia. "La hapa kwetu nani kalifufua?"

"Mama, acha ajibu mwenyewe," alisema Mama Pacha.

Bi Kimya aliinamisha kichwa. "Kujisifu ni aibu. Baba mwenyewe husema kizuri chajiuza."

Mama Pacha akamgeukia fundi. "Mteja akija, kitanda unamwachia kimefunikwa vilevile?"

"Hata! Nafunua shuka. Namwambia akikalie, asikie kama kinalia. Namweleza nilivyokiunga."

"Huko ni kujisifu?"

"Huko ni kumwonyesha mteja."

"Umesikia, mwanangu? Nawe funua shuka. Usiseme tu kwamba wewe ni hodari. Eleza kazi moja: tatizo lilikuwa nini, ulifanya nini, ikawaje. Usilolijua, sema hulijui ila uko tayari kujifunza. Na mtazame anayekuuliza. Kwenye usaili huo si utovu wa adabu."

Wakarudia. Mara ya kwanza maneno yalimkwama. Mara ya pili alimaliza kabla mkurugenzi hajaketi vizuri. Wakarudia tena.

"Nilikuwa mafunzoni kwenye zahanati," alisema Bi Kimya. "Jokofu la chanjo likaacha kupoza, na fundi wao alikuwa safarini. Nikamwomba muuguzi ahamishie chanjo kwenye sanduku la barafu. Nikakagua, nikakuta waya umelegea. Nikaukaza, nikakaa nalo mpaka likapoa sawasawa. Hakuna chanjo iliyoharibika."

Fundi alisahau ukurugenzi. "Lini hiyo? Mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza, baba."

Fundi alijifuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao, yakazidi kumwasha. Aliona fahari, na aliona uchungu pia. Anaishi na mtoto huyu nyumba moja, na hakuyajua hayo.

Alhamisi, Bi Kimya alifika mlangoni mwa kiwanda. Alibisha hodi, akasalimia, akangoja kiti. Walipomuuliza uwezo wake, alieleza habari ya zahanati. Swali moja lilimshinda, akasema halijui ila angependa kujifunza. Msaili mmoja akatabasamu, akaandika kitu.

Kazi akaipata. Sasa wanachuo wenzake huja Jumamosi kufanya mazoezi sebuleni, na fundi amejinunulia tai ya ukurugenzi.

Lakini kila jioni, kabla ya kufunika vitanda, humwita binti yake karakanani. "Haya, mama, leo umetengeneza nini?"

Bi Kimya huketi juu ya kitanda kipya, akasimulia. Mashuka hungoja mpaka amalize.