Gari ya Gundi Iliyokula Parsele ya Papa Yetu

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nne, mjane, na kazi yangu ilikuwa kuendesha taksi hapa Kisangani. Nasema ilikuwa! Leo nauza makala, makaa ya kupikia, mbele ya chumba cha kupanga. Nyuma yangu, uani, kuna gari mpya kabisa isiyotembea, na kuku wa mwenye nyumba wanataga juu ya viti vyake.

Msinihurumie kwanza. Nisikilizeni. Nitaandika kwa hasira, maana nimechoka kuambiwa kila siku "yaya, dada yetu, tulia, ni mipango ya Mungu." Mungu hakumwaga gundi ndani ya gari yangu. Waliomwaga ni watu, na aliyeninunulia gundi hiyo huku akijua ni mdogo wangu wa tumbo moja!

Zamani nilikuwa na gari ya Kijapani, kizee cha gari. Marehemu mume wangu aliiita Mobokoli, kwa Lingala maana yake mlezi, kwa sababu ndiyo iliyotulisha. Mobokoli ilikufa mara nyingi, na kila mara Papa Lokwa, fundi wetu, aliifufua. Redieta ikitoboka anaziba. Bomba likikatika anaunga kwa mpira wa baiskeli. Tumbo likigonga jiwe anafungua bulo zake, zile bolti, kwa kle, yaani spana, ananyoosha bati kwa nyundo, anafunga, haya twende! Ndivyo magari yanavyoishi kwetu. Hapa hatuulizi gari ni ya mwaka gani. Tunauliza nani anaitengeneza.

Kilichoimaliza Mobokoli ni esansi, petroli yetu. Mto ukikauka, mashua za Kinshasa hazifiki. Mvua ikiharibu barabara ya Bafwasende, malori yanalala kwenye matope. Basi mji mzima unanunua esansi ya chupa barabarani, imechanganywa na sijui uchafu gani... Injini ikaoza, na safari hii hata Papa Lokwa alitikisa kichwa.

Hapo ndipo alipoingia Saidi, mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni nikiwa mtoto mwenyewe. Shule yake ililipwa na taksi ileile. Alikuwa komisionere, watu wanamtuma Uganda kuwanunulia vitu, naye anavileta. Mtu wa maneno matamu, viatu vinang'aa hata wakati wa matope.

"Yaya," aliniambia, "siku hizi kuko motokari za courant, za umeme tupu. Essence hapana, huile hapana! Unaweka panneau juu ya nyumba, jua njo inalisha motokari. Bon, unataka nini tena?"

Nilitaka nini tena? Nilitaka pesa ya kuinunua! Na sisi tulikuwa na kitu kimoja tu duniani: parsele ya papa yetu kule Mangobo, kiwanja na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na mti wa matunda ya safou alioupanda mlangoni. Mama yetu alikuwa anaishi humo.

Mama alikataa. Akakataa tena. Saidi akapiga magoti mbele yake, akalia machozi ya kweli, nilidhani ni ya kweli... Mwishowe mama akalegea.

"Sawa, muuze," alisema. "Lakini hiyo motokari irudishe parsele. Mimi nikikufa, nataka maiti yangu itoke mu nyumba ya papa yenu. Siyo mu nyumba ya mutu!"

Tuliapa, mimi na Saidi, mikono yetu juu ya Msahafu. Mnunuzi naye hakuwa mtu mbaya. Alikubali kuturudishia parsele ikiwa tutamletea pesa yake kabla hajaanza kujenga. Tukahamia chumba cha kupanga huko Kabondo. Mama akabeba mkeka wake na sufuria zake.

Saidi akaenda Uganda, akarudi na gari na panneau zake juu ya lori. Nyeupe, nzuri, jamani! Mtaa mzima ulitoka. Tukamwagia magurudumu limonadi kwa baraka, watoto wakapiga makofi. Na nisiseme uongo, mwanzoni ilinipa raha ambayo Mobokoli hakuwahi kunipa. Haikuwa na kelele wala moshi. Mamama wa soko walinitania kwamba nimenunua mzimu, unawapitia nyuma hawausikii. Jua likiwaka, panneau zinashibisha gari. Pesa ya parsele ikaanza kurudi kidogo kidogo. Mama akaanza kucheka tena.

Halafu Saidi akasema anakwenda Bafwasende kutafuta maisha. Nikamfungia chakula cha njiani mimi mwenyewe!

Siku ya balaa, nilikuwa nimebeba watu wa harusi kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto. Tulivuka kwa bac, pantoni ya kuvushia magari. Wanaoijua bac yetu wanajua kushuka kwake: maji yakiwa chini, kati ya bac na ufuko kunabaki pengo, vijana wanaweka mbao, wanapiga kelele "kuya, kuya, kuya!", yaani njoo, na wewe unaachia gari ishuke. Kila gari ya mji huu imeshagonga tumbo pale. Mobokoli iligonga tumbo pale miaka yote! Ni kama kupiga chafya tu, unaendelea na safari.

Ubao ukateleza. Tumbo likagonga ukingo wa chuma... tii! Abiria wakacheka, mimi pia nikacheka. Halafu mbele yangu taa nyekundu ikawaka, gari ikazima, na haijawaka tena mpaka leo.

Niliinama kuangalia. Kipande kilichobonyea hakikuzidi kisahani cha chai. Kisahani cha chai! Nikamwambia bwana harusi asiogope, kesho Papa Lokwa ananyoosha.

Tuliirudisha kwa kuikokota, na Papa Lokwa akaingia chini yake na kle zake. Akakaa sana. Nilisikia anagusagusa, anapumua, anagusa tena. Akatoka chini hana hata tone la grisi mkononi, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama, bulo iko wapi?" aliniuliza.

Nikamwambia atafute vizuri. Akasema ametafuta. Batri haikuwa kisanduku cha kufunguliwa. Batri yenyewe ndiyo sakafu ya gari, viti vimekalia juu yake, na yote imemiminiwa gundi ngumu kutoka mbele mpaka nyuma. Pengine ni waya mmoja tu umekatika huko ndani, alisema, pengine ni kipande kimoja kidogo... lakini ili kukifikia lazima akate sakafu kwa msumeno, na batri ya namna hiyo ukiikata vibaya inawaka moto, unaungua wewe na mtaa. Akakusanya kle zake. Mtu aliyefufua Mobokoli maisha yake yote alikusanya kle zake akaniambia pole!

Sikukubali. Nilimwita mchomeleaji mwingine, mtu asiyeogopa. Alitoboa kidogo tu pembeni, moshi mweupe ukatoka na harufu ya kuua nzige, tukakimbia sote hadi barabarani. Tangu siku hiyo hakuna fundi anayekubali kuisogelea.

Kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na kibandiko cha duka la Uganda lenye namba ya simu. Nikapiga. Mwenye duka alizungumza Kiswahili kizuri, kwa adabu. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi.

Alisema gari ile haifunguliwi, na wala haikuundwa ifunguliwe. Kiwandani wakifunga kwa bulo wanahitaji bulo nyingi, vyuma vingi, mikono mingi, muda mwingi. Wakimwaga gundi, kazi inaisha upesi, gari inakuwa nyepesi, inakwenda mbali zaidi, na bei inashuka. Ikiumia, wanabadilisha sakafu nzima pamoja na batri yote, na hapo ni afadhali ununue gari nyingine. Alinieleza bila kunificha, na nilimwelewa. Kilichonichoma ni kwamba nilimwelewa!

Kwani wao wana shida gani? Huko wanakouza kwa wingi, gari ikibonyea, bima inalipa, ile ya zamani inapondwa, mwenyewe anapewa nyingine. Waliokaa na kalamu zao kupunguza gharama, walipunguza gharama ya nani? Yao! Ile gharama haikupotea. Ilipanda lori, ikapita Bafwasende, ikashuka uani kwangu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushuka kwenye bac ya Lubunga.

Lakini subirini. Nilikuwa bado sijasikia lililo baya.

Nilimuuliza yule mfanyabiashara kwa nini basi alimuuzia ndugu yangu gari ya namna hiyo, akijua inakuja Kongo. Akasema: "Mama, nilimwambia."

Alikuwa amemwonyesha Saidi gari mbili. Moja ilikuwa na batri za visanduku visanduku, kila kimoja kina bulo zake, kikifa unatoa hicho tu unatia kingine. Alimwambia, watu wa Kongo chukueni hii, nyie barabara zenu zinagonga. Ilikuwa na bei zaidi, lakini pesa ya parsele ilitosha. Saidi akaichagua, wakapeana mikono. Kesho yake akarudi, akasema amebadili mawazo, anataka ile ya gundi. Na akaomba jambo moja: dada yake akipiga simu, asiambiwe kulikuwa na nyingine.

Pesa iliyobaki alienda kununua nayo sehemu katika shimo la dhahabu huko Bafwasende. Nilimpigia simu. Hakukana! Alisema alifikiri gari ni gari, alifikiri Papa Lokwa hashindwi na kitu, na shimo likitoa dhahabu angetushangaza wote. Nikamuuliza shimo limetoa nini. Akasema limetoa maji.

Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimtukana mpaka salio likaisha, nikakopa simu ya jirani nikaendelea.

Mnunuzi wa parsele alisubiri kadiri alivyoweza. Kisha akaanza kujenga. Mti wa safou wa papa ukakatwa. Sikumwambia mama, lakini jirani zetu wa Mangobo walimwambia.

Tangu hapo mama hakuinuka vizuri. Mguu, kifua, homa, kila siku kitu kipya. Na kila asubuhi aliniuliza swali moja, kama anayemuulizia mgonjwa wa hospitali: "Motokari imepona?" Nami kila asubuhi nilijibu: "Karibu, mama." Nilikuwa na jibu gani lingine? Asubuhi moja hakuuliza.

Maiti ya mama yangu ilitoka katika nyumba ya mutu. Ua ni mwembamba, na gari ile iko katikati, haisukumiki kwa urahisi, magurudumu yamejifunga. Waliobeba jeneza walilazimika kulipandisha juu ya vichwa vyao na kujibana ukutani ili wapite. Mama yangu alipita juu ya gari hiyo... Niliona kwa macho yangu, na sitasahau mpaka na mimi nibebwe.

Saidi hakuwahi mazishi. Alikuja siku ya arobaini, kakonda, lakini viatu bado vinang'aa. Wazee walikaa chini ya bashi, turubai tuliyofunga pale uani, na tonton wetu, mdogo wake papa, akasema maneno yanayosemwaga siku kama hizo: damu ni damu, mama angependa tupatane, donc nimsamehe mdogo wangu tule.

Watu wote walinitazama. Nilisimama, nikaenda kwenye kona, nikachukua kle moja ambayo Papa Lokwa aliniachia siku ile alipokusanya zake. Nikaiweka mkononi mwa Saidi.

"Nitakusamehe," nilisema. "Ingia chini ya motokari. Unitafutie bulo moja. Moja tu, ya kufungua batri. Ukiipata, nimekusamehe leo leo."

Tonton alitaka kusema kitu, shangazi zangu wakamnyamazisha. Saidi akanitazama kama siku zile nilizokuwa namwogesha. Akavua koti lake. Akalala chali kwenye vumbi, akajisukuma chini ya gari, vikabaki viatu vyake tu nje. Tulimsikia akipapasa. Mbele, katikati, nyuma. Akarudia mbele. Kuku walikuwa wanalia ndani ya gari.

Baadaye kle ikaanguka chini. Halafu tukaanza kumsikia analia, na hakutoka.

Niliwapakulia watu wali. Sahani yake niliiweka chini, karibu na viatu vyake, nikaenda kukaa. Huo ndio msamaha nilionao mpaka sasa, na anayeuona mdogo aje achukue nafasi yangu.

Wasomaji wenzangu, sikatazi magari ya umeme. Esansi ya chupa itatuua sote, najua. Lakini nawaomba, hasa nyinyi mnaotuma ndugu zenu kuwanunulieni vitu mbali: msidanganywe na weupe wa rangi, wala na bei iliyopungua. Nendeni wenyewe, na fundi wenu. Vueni nguo nzuri, mlale chini ya gari kabla hamjatoa pesa, mkatafute bulo kwa mikono yenu. Ukiikosa, simama, jipanguse vumbi, urudi nyumbani kwa miguu. Nyumbani bado kutakuwa kwako.