Mume wa Kwenye Mchezo

"Nani huyo anayekuandikia asubuhi yote hii?"

"Watu wa ukumbi."

"Watu wa ukumbi siku hizi wanaweka na makopakopa ya mapenzi?"

Mwandishi akaigeuza simu kifudifudi, akaendelea na chai yake kana kwamba hajaulizwa kitu. Amechelewa! Mkewe alikuwa fundi taa, na macho yaliyozoea kutafuta waya uliokatika gizani hayashindwi na ujumbe wa mistari miwili.

"Leo saa nane kama jana. Funguo ninazo mimi. Ile ya jikoni nimeshaiweza, utaipenda mwenyewe."

Aliyetuma ni Machachari, mwigizaji wao. Kikundi chao cha maigizo kilikuwa cha watu watano, hakina mfadhili wala ukumbi wake. Mume aliandika, akaongoza, na mara nyingi akaigiza. Mke aliwasha taa. Mwaka mzima hawakuwa na mchezo mpya, na huu wa sasa ulibakiza siku nne uoneshwe. Ajabu ni kwamba Fundi hakuwahi kuuona hata kipande. Kila akiuliza, anapewa karatasi ya maelekezo tu: hapa mwanga wa asubuhi, hapa giza.

"Leo saa nane utakuwa wapi?"

"Nina kikao na wachapaji wa mabango."

"Mabango si yalishabandikwa juzi?"

"Yamekosewa tarehe."

"Haya. Kikao chema."

Huyu kanifanya mtoto mdogo, akajisemea Fundi huku anakusanya vikombe. Leo nitamjua.

Saa nane kasorobo aliingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi, akapanda ngazi mpaka kwenye kijukwaa cha taa kule juu karibu na dari. Mtu akimuuliza, atasema amekuja kukagua balbu. Balbu gani! 

Chini, Machachari alisimama mbele ya meza yenye beseni. Mwandishi akaja nyuma yake taratibu, akamshika mabega, akaegemeza shavu kichwani pake.

Fundi akafumba macho. Kumbe kweli. Miaka sita ya ndoa, na huyu msichana amekula kwangu, amelala kwangu!

Ndipo Machachari akasema, na sauti haikuwa yake:

"Usinipe pole. Nipe masufuria nioshe."

Fundi akafumbua macho.

"Leo wote wamenipa pole, nimejaa. Nipe kitu cha kusugua."

Yalikuwa maneno ya Fundi mwenyewe. Aliyasema mwaka jana, jikoni kwake, jioni ile aliyorudi kutoka hospitali mikono mitupu, mimba ya miezi saba imeharibika. Aliyeyasikia ni mumewe peke yake. Na yule msichana alikuwa anapangusa pua kwa kiwiko, hivyo hivyo anavyopangusa yeye.

"La kusugua nililisema baadaye," akasema kutoka juu. "Nilitangulia kuuliza sabuni iko wapi."

Wote wawili wakaruka.

"Mke wangu, ngoja nikueleze..."

"Haki ya Mungu, afadhali ungekuwa na mwanamke! Mwanamke ningemtimua. Hili nalitimuaje?"

Akashuka ngazi kwa kishindo. Machachari alikuwa amemkodolea macho Mwandishi.

"Dada, mimi aliniambia umekubali. Akasema huwezi kutazama mazoezi mpaka siku yenyewe, kwa ajili ya uchungu."

"Na yale makopakopa?"

"Ah, dada, huo ugonjwa wangu! Hata mwenye nyumba namwekea."

Siku nyingine Fundi angecheka. Akamgeukia mumewe.

"Na hilo la kushika mabega umelitoa wapi? Mimi ulinipa masufuria, ukaenda kukaa sebuleni."

Mwandishi akajishughulisha na beseni. Machachari, maskini, akadhani anamsaidia.

"Lakini mume wa kwenye mchezo ni mzuri, dada. Pale anapolia mlangoni mwa wodi, mimi mwenyewe hoi."

"Wodi gani? Wodini nilikuwa peke yangu. Mwenzangu alikuwa kwenye mazoezi, simu kazima."

"Mazoezi? Siku ile?" Machachari akashangaa. "Siku ile aliyaahirisha. Sote tulijua yuko na wewe."

 Machachari akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa..."

"Usinitungie. Ulikuwa wapi?"

"Nje ya geti la hospitali. Kwenye kibanda cha chai. Tangu saa mbili asubuhi."

"Unafanya nini?"

"Nimekaa. Niliogopa kuingia."

"Nitajuaje kama hii nayo hukuiandika?"

Mwandishi akatazama miguu ya mkewe.

"Ulitoka saa kumi. Ulivaa kandambili za hospitali, mguu mmoja bluu, mwingine mweupe. Ukapanda teksi."

Zile kandambili Fundi alizitupa jalalani kabla hajaingia nyumbani. Nyumbani hakuna aliyeziona.

"Uliniona."

"Nilikuona."

"Na hukunyanyuka."

"Sikunyanyuka."

Fundi akavaa viatu vyake. Kila kifungo akakifunga mara mbili.

"Maneno yangu umeyachukua bila kuniomba. Ningekuwa na akili ningeuzuia huu mchezo leo hii. Lakini sharti ni moja. Yule mume mzuri mtoe. Mweke aliyekuwepo pale getini."

"Watu watanionaje?"

"Sijui. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nakuona."

Siku nne zote alilala kwa dada yake. Siku ya tatu ujumbe ukaingia: "Nimeandika." Akajibu: "Kuandika unajua. Nitaona siku yenyewe." Na moyoni hakuamini. Mtu aliyekaa na uongo huo mwaka mzima, atauachia mbele ya watu? Akiurudisha uongo wake jukwaani, Fundi alishaamua, atazima taa, atakwenda zake na ndoa imekwisha.

Jumamosi saa kumi jioni viti vilijaa. Fundi alikaa juu, kidole kwenye swichi. Ikafika sehemu ya wodi. Machachari amelala kitandani, na Mwandishi hakusimama mlangoni. Alivuta benchi mpaka ukingoni kabisa mwa jukwaa, akakaa, akafungua mdomo. Hakutoka neno.

Mtu akakohoa. Mwingine akacheka kidogo, akanyamazishwa. Karatasi ilisema hapa taa izimwe, na kuzima kungemwokoa. Fundi akakiondoa kidole.

Mwandishi akakinga macho kwa mkono, mwanga unamchoma usoni.

"Nilikuwa nje ya geti," akasema. "Nilimwona anatoka. Nikainama haraka, nijifanye nafunga kamba za viatu."

Akanyoosha mguu mmoja mbele, kisha akasema:

"Nilikuwa nimevaa ndara, hazina kamba."

Hilo hakuwahi kumwambia hata yeye. Fundi akajiziba mdomo kwa viganja viwili, akalia kilio alichokinyima njia mwaka mzima.

Watu walipokwisha kutoka, Mwandishi akapanda ngazi, jasho limemlowesha.

"Mbona hukuzima?"

"Sikuwa nimemaliza kukutazama."

"Umenisamehe?"

"Bado." Akapangusa pua. "Lakini leo nimekuamini."

Akamtwika rundo la waya begani, wakashuka wote wawili.