Vichupa vya Akina Mama wa Sange

Saa moja asubuhi Dokta Sévère alifungua frigo la kituo chake cha utafiti pale Mulongwe, akakuta nusu ya vichupa vya damu havimo. Kabla jua halijapanda juu, Pélagie, mpelelezi wa polisi mjini Uvira, alikuwa amepiga magoti mbele ya frigo hilo huku daktari akizunguka nyuma yake kama mtu aliyefiwa.

"Kufuli halikuvunjwa," Pélagie alisema. "Funguo ziko kwa nani?"

"Kwangu, kwa Bruno shofa, na kwa mama Charlotte."

Pélagie hakuinua kichwa. Charlotte, muuguzi wa kituo, alikuwa mdogo wa marehemu mama yake. Ndiye aliyemlea.

"Vilivyobaki ni vya nani?"

"Vya akina mama wa Rugenge, hapa mjini. Vya Sange vyote vimekwenda. Lakini vilikuwa vimechanganyika, na juu yake kuna namba tu, hakuna majina. Mwizi alijuaje?" Daktari aliketi kwenye kiti. "Pélagie, watoto wanakufa kwa kuhara hapa kila mvua ikinyesha. Damu ya mama zao ingetuonyesha kwa nini wengine wanapona na wengine hapana. Kesho ilikuwa isafiri."

Mpelelezi alifungua sehemu ya juu ya frigo. Ilikuwa tupu.

"Pakiti za barafu?"

"Zilikuwa hapo jana."

Majirani walikuwa tayari wana jibu lao. Jana mchana Onesphore, mkulima wa mpunga kutoka Sange, alisimama uani akipiga kelele kwamba anataka damu ya mke wake Noella. Askari walikuwa wamemkamata sokoni asubuhi ya leo na kumtia kasho, chumba cha mahabusu. Pélagie alimkuta ameegemea ukuta, shati limechanika begani.

"Minye sikuiba kitu," Onesphore alisema. "Balituambia damu ya banamuke itapimwa, kisha itamwangwa. Sasa nasikia inaenda kwa ndege, itawekwa kule miaka na miaka, bafanyie mambo ingine. Nani alituuliza?"

"Nani alikuambia itaenda kwa ndege?"

Mkulima aligeuza uso. "Ule sitamutaja. Ule muntu aliniponyeshea batoto. Acha nibaki humu."

Pélagie akatoka nje. Mtu mwenye hasira ya namna hii, alifikiri, angeimwaga ile damu palepale uani. Asingebeba barafu ili isiharibike.

Akamtafuta Bruno, aliyekuwa anaosha gari. Shofa alikuwa na ufunguo.

"Jana ulifanya nini baada ya kazi?"

"Nilifunga, nikapeleka mama Charlotte ku parkingi ya magari ya Sange, na glasiere yake, ile sanduku ya barafu ya chanjo. Leo ni siku yake ya kuchanja batoto kule. Kila wiki anachanja siku hii."

"Glasiere alikuwa nayo jana jioni?"

"Ndiyo. Nzito! Nilimusaidia kupandisha."

Pélagie alikaa kwenye ngazi ya gari. Utotoni alikuwa akiamshwa alfajiri aende na mama yake mdogo kuchukua chanjo, kwa sababu chanjo huchukuliwa asubuhi ya safari, siyo jioni iliyotangulia. Alitamani asingejua hilo. Angeweza kumpa mwenzake kesi. Lakini Onesphore alikuwa ndani.

Akamtoa kasho, akampakia garini pamoja na daktari, na Bruno akaendesha kuelekea Sange.

Kwenye kituo cha afya cha Sange, Charlotte alikuwa ameshika paja la mtoto mchanga, sindano mkononi. Aliwaona wote wanne mlangoni, akamwona Onesphore na shati lake.

"Ngoja nimalize huyu mutoto," alisema.

Akamaliza, akamrudisha mtoto kwa mama yake, akanawa mikono.

"Mama mudogo," Pélagie alisema, "mwizi alikuwa na ufunguo. Alijua namba zipi ni za Sange, kwa sababu yeye mwenyewe aliwatoa damu akina mama na kuandika zile namba. Alichukua barafu kwa sababu hakutaka damu ife. Na jana jioni glasiere yako haikuwa na chanjo."

Charlotte alifungua frigo la sola la kituo cha afya. Chini ya chanjo, vichupa vilikuwa vimepangwa vizuri.

"Niliwaambia kwa kinywa changu kwamba itamwangwa," alisema. "Kisha nikasikia dokta kwenye simu akisema inaenda kwa ndege, nikamwambia huyu baba. Nilitaka barudishiwe, bachague bao wenyewe. Lakini Onesphore, minye sikujua balikufunga. Unisamehe, baba."

"Kweli walikuwa na haki ya kujua," Dokta Sévère alisema taratibu. "Wenzetu wa ng'ambo walibadilisha mpango mwezi uliopita. Niliogopa akina mama watakataa, na utafiti utakufa. Nikanyamaza."

Noella, mke wa Onesphore, alikuwa amesimama kwenye foleni ya chanjo, mtoto mgongoni. Alikuja mbele.

"Dokta, ungetuuliza tu. Bakipata dawa kule, itafika huku Sange?"

Daktari alimgeukia. "Sijui, Noella. Sitaki kukudanganya tena."

"Bon. Yangu peleka. Lakini uulize na bengine, mumoja mumoja, na atakayekataa umurudishie."

Wakaulizwa mchana kutwa, uani, kila mmoja kwa lugha yake. Wengi walikubali. Sita walikataa, na daktari aliimwaga damu yao shimoni mbele ya macho yao, kama walivyoahidiwa mwanzoni. Kisha akasema anaondoa mashitaka.

"Hata hivyo lazima mama mudogo ajibu kwa mukubwa wangu," Pélagie alisema. "Mtu alifungwa bure."

"Ni haki," Charlotte alisema, akimfuta mpwa wake shavu kwa kona ya kitenge. "Weye usilie. Umekula?"

Pélagie alimfungulia mlango wa mbele wa gari. Alipogeuka, Onesphore alikuwa ameshaingia kiti cha nyuma.

"Weye uko huru," alimwambia. "Nyumbani kwako ni hapa."

"Najua," Onesphore alisema, akisogea kumwachia daktari nafasi. "Lakini mukubwa wako atanisikia kwanza minye, kisha mama Charlotte. Twende."